Usiku wa kugawa kwa nne

Kipindi hicho nilikuwa nimemaliza sekondari nasubiri chuo, sina kazi sina ratiba, kwa hiyo nilikuwa nashinda kwenye zile yuniti fupi za masomo za bure za onlaini, zile za utangulizi ambazo unaingia tu bila ada bila kuulizwa ulipata nini kwenye mtihani. Leo nasoma jinsi ya kutazama mchoro, kesho sheria ya mikataba, keshokutwa najikuta kwenye miamba na volkano. Sikuwa na mpango wowote aisee, nilikuwa naonja tu. Nilichokuwa nakikwepa ni kimoja, chochote chenye namba, maana mimi ni mtu wa lugha na historia na hesabu tulishaagana kwa amani.

Kaka yangu alikuwa likizo, anasoma uhandisi, na yeye alikuwa anazidharau sana hizi yuniti. Eti utangulizi, mdogo wangu, utangulizi si ni vitu vya watoto, soma kitu kizima. Nikamwambia kaka, kitu kizima bila mlango utaingilia wapi? Akacheka. Basi usiku huo, nadhani kwa ubishi zaidi kuliko kiu ya elimu, nikafungua yuniti ya sayansi ya mwanzo kuhusu joto la dunia, nikiwa nimekaa mezani na yeye yuko upande wa pili anachezea simu.

Ngoja kwanza niseme kitu kuhusu hizi yuniti kwa ambaye hajawahi kuzigusa. Juu kabisa unaandikiwa ngazi yake na saa unazotarajiwa kutumia (zile saa usiziamini, mtu akisoma kwa haki zinazidi), halafu unaambiwa ukimaliza utakuwa unaweza kufanya nini, halafu maandishi, na kila baada ya kurasa kadhaa kuna zoezi lenye kisanduku cha kuandika na chini yake kitufe cha kuonyesha jibu. Hicho kitufe ndicho shetani mwenyewe. Kipo pale, hakuna anayekuona, ukikibofya kabla hujafikiri umejiibia mwenyewe na hakuna mwalimu wa kukufokea.

Na si kila vifaa vya bure vinafanana, hilo nalo nililigundua kwa kuzurura. Chuo cha MIT cha Marekani walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka wazi vifaa vya kozi zao, jambo kubwa sana kwa wakati ule, lakini vingi ni vya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, sasa ukimwondoa yule mwalimu wewe mtu wa nje unabaki na mifupa mitupu. Open University, chuo kikuu cha masafa cha Uingereza, walipofungua OpenLearn, tovuti yao ya masomo ya bure, Oktoba 2006, kwa msaada wa hela za Hewlett Foundation, mfuko wa hisani wa Marekani, wao walikuwa na mazoea mengine kabisa, maana tangu walipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971 walikuwa wanafundisha watu ambao hawapo darasani, vitabu vinaenda kwa posta na vipindi vinarushwa BBC saa ambazo watu wenye akili wamelala. Kwa hiyo maandishi yao yanajua kwamba msomaji yuko peke yake usiku, amechoka, na hana wa kumuuliza. Yanakusubiri. Hicho ndicho kilichonishika mimi.

Turudi kwenye joto. Yuniti inaanza na swali ambalo kusema kweli sikuwahi kujiuliza, kwamba kama dunia ingekuwa haina hewa ya kushika joto ingekuwa na baridi kiasi gani, na inakupa namba za kuanzia. Jua linatupiga na nguvu ya kama wati 1361 kwa kila mita mraba, pale juu kabisa kabla ya hewa, kwenye sehemu inayolitazama jua moja kwa moja. Halafu sentensi inayofuata, bila hata kukohoa, inasema gawa kwa nne. Halafu zoezi: eleza kwa maneno yako kwa nini tunagawa kwa nne. Kisanduku cheupe. Kitufe.

Nikakaa pale. Nikafikiria misimu minne, nikaona hapana. Nikafikiria usiku na mchana, lakini hiyo inakupa mbili tu, nyingine mbili zinatoka wapi? Nikamuuliza kaka, kwa nini nne? Akajibu hajainua hata macho, ni kwa sababu ya umbo la dunia. Sawa, umbo gani? Tufe. Sasa tufe kwa nini nne? Akaweka simu chini. Akaanza kueleza, akasimama katikati ya sentensi, akaanza tena upande mwingine, na hapo nikamwona kabisa kwamba fomula anayo kichwani tangu zamani lakini hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu ambaye hana aibu ya kutojua. Nikanyoosha kidole kwenda kwenye kitufe akanishika mkono. Usifungue! Sasa ikawa yake.

Akatafuta mpira mdogo wa tenisi na tochi ya simu. Tukazima taa, akamulika, ukutani kikatokea kivuli. Akasema unaona, kivuli ni duara, mwanga ambao dunia inauzuia ni ule tu unaotosha duara bapa, si zaidi. Nikamwambia mbona kivuli kikubwa kuliko mpira, akasogeza tochi mbele akasogeza nyuma kivuli kinavimba na kunywea, akakasirika, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba jua liko mbali mno miale yake inafika kama imenyooka sambamba, tochi iko karibu ndiyo maana inatawanyika. Basi tukaacha tochi. Tukaweka mpira juu ya karatasi tukachora mduara wa upana uleule wa mpira, tukakata miduara ya aina hiyo, tukaichana vipande vidogovidogo na kuanza kuubandika mpira kwa selotepu mpaka ufunikwe wote bila kupandana.

Mduara wa kwanza ukaisha, tumefunika kama robo tu. Wa pili, nusu. Ulikuwa uchafu mtupu, vipande vimekaa vibaya, selotepu imejikunja kwenye vidole, mimi nacheka yeye amekunja uso kama anafanya upasuaji. Wa nne ulipoisha mpira ulikuwa umefunikwa, imebaki mianya midogo tu ya ubovu wetu wa kubandika. Kwa hiyo mwanga unaonaswa na duara moja unagawanywa juu ya ngozi ya miduara minne. Ndiyo hiyo nne. Nikaandika kwenye kisanduku kwa maneno yangu, nikabofya, na jibu lao likawa hilohilo ila kwa mistari miwili na bila selotepu.

Baada ya hapo nilikuwa kama nimelewa, nikataka kumaliza hesabu yote mwenyewe, mimi huyu. Gawa 1361 kwa nne unapata kama 340. Toa asilimia 30 ambayo mawingu, barafu na mchanga vinairudisha angani, inabaki kama 238. Sasa dunia nayo lazima irudishe kiasi hichohicho la sivyo ingezidi kupata moto milele, na kitu chenye joto hutoa nishati kulingana na joto lake likizidishwa lenyewe mara nne, yaani kipeo cha nne, ile sheria ya Stefan na Boltzmann. Hapo nikaogopa, lakini yuniti inasema kwa upole kwamba kikokotoo cha kawaida kinatosha: gawa kwa ile namba isiyobadilika ya sheria hiyo, halafu bonyeza kipeuo cha pili, halafu bonyeza tena. Yaani mara mbili tu! Ikaja karibu 255, hizo ni Kelvin, kipimo cha joto cha wanasayansi, toa 273 upate nyuzi za Selsiasi, hasi 18.

Hasi 18. Dunia nzima kwa wastani. Na wastani halisi uko kwenye nyuzi 15 hivi, kwa hiyo tofauti yote ile ya nyuzi 33 ni blanketi la mvuke wa maji na hewa ukaa na wenzake. Mimi nilikuwa najua hizi gesi ni adui tu, nimeandika mpaka insha, kumbe bila hizo tusingekuwepo, tatizo ni kulizidisha blanketi. Kaka akauliza haraka, na mwezi je, si uko umbali uleule na jua? Tukatafuta. Hauna hewa ya maana, mchana kwenye ikweta yake unapita nyuzi 100 na usiku unashuka chini ya hasi 100. Akasema heh. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Sitaki kuzipamba sana hizi yuniti. Nyingi zimekatwa kutoka kozi za kulipia na wenyewe wanatarajia ukionja utataka sahani nzima, hilo liko wazi na mimi silioni kama kosa. Ila hazikwambii ukuta uko wapi. Usiku uleule nikajitia kiherehere nikafungua ya ngazi ya juu yake nikakuta ukurasa wa pili tu kuna intigrali, zile hesabu za ngazi ya juu, hakuna anayekusubiri tena, nikafunga. Pia hakuna mtu anayesahihisha unachoandika kwenye kile kisanduku, ningeweza kuandika misimu minne na mfumo ungenipitisha vilevile. Bila yule mbishi upande wa pili wa meza sijui kama mpira ungetafutwa.

Tulipomaliza kurasa zote, kwa kuwa nilikuwa nimejisajili, mfumo ukanitolea taarifa ya ushiriki, kikaratasi cha kudanlodi chenye jina la kozi na jina langu, hakikupi alama zozote za chuo lakini ni kizuri. Kaka akakiangalia muda mrefu. Akasema jina lake liko wapi. Nikamwambia linaandikwa jina la mwenye akaunti. Akasema aliyekata karatasi ni nani, aliyeleta mpira ni nani, na tukabishana juu ya hilo mpaka mama akatoka chumbani kutuuliza kama tunajua ni saa ngapi. Asubuhi nikakuta laptopu iko wazi, amejisajili kwa jina lake kamili na cheo cha mhandisi ambacho bado hajakipata, yuko kwenye yuniti ya ushairi, na zoezi la kwanza ameshabofya jibu.