Nilivyoacha kusafirisha hewa

Ninauza vyondo, vikapu vya kusuka, katika soko la Kariokor, hapa Nairobi. Akina mama wa Machakos wanasuka mkonge, mzigo unanifikia kwa matatu, nami na fundi wa ngozi tunatia mikanda ya kubebea. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wateja wa hapa mjini waliniongezeka. Nikavimba kichwa, nikaanza kutafuta wa ng'ambo kwa simu.

Wateja hawakuwa shida. Chondo ukikipiga picha kivulini saa nne asubuhi kinajiuza chenyewe. Mwanzoni nilimtumia kila mtu chake kimoja kimoja, mpaka bibi mmoja Ujerumani akagoma kupokea kifurushi mlangoni kwa sababu alidaiwa kodi. Kumbe tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa kifurushi cha bei ndogo, na mimi sikumwambia. Nikaona heri niuzie duka moja, lenye kujua mambo ya forodha.

Duka likapatikana Berlin. Oda ya kwanza: vyondo 12. Nilivijaza karatasi ndani visibonyee, nikavipanga kwenye boksi kama mayai. Kwenye mizani yangu, kilo 6. Karani wa kampuni ya kusafirisha hakuitazama hata mizani; alitoa tepu. Sentimita 60 kwa 40 kwa 40, akazidisha, akagawa kwa 5,000.

"Kilo kumi na tisa nukta mbili, dada."

"Lakini ni kilo sita!"

"Ndege ina nafasi yake, tunatoza kwa ukubwa. Boksi lako limejaa hewa."

Nililipa, maana nilishaahidi. Faida yote ikaenda, na kipande cha mtaji kikaifuata. Nikirudi sokoni nilicheka peke yangu: jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Wao walibeba mizigo mizito kwa ujira mdogo. Mimi nalipa pesa nyingi kubebewa upepo.

Jawabu nililipata Gikomba, kwa muuza sufuria. Zake zinakaa moja ndani ya nyingine, ndogo tumboni mwa kubwa. Nikawaomba akina mama wasuke saizi tatu zinazoingiana. Lakini hilo peke yake halikutosha, chondo bado ni kirefu. Basi nikachukua kimoja nikakikunja kitako, nikakilaza chini ya godoro langu wiki nzima. Nilipokitoa kilikuwa kama chapati. Nikachemsha birika, nikakishikilia juu ya mvuke huku nikikivuta kingo kwa vidole, na pole pole mkonge ukalegea, tumbo likarudi. Alama ya mkunjo ilibaki hafifu upande mmoja. Ngozi ndiyo iliyoharibika: mvuke uliikunja ikawa kama sikio la mbwa. Tangu siku hiyo mikanda ni ya kufungwa kwa skrubu ndogo, mteja anaitia mwenyewe. Fundi alinuna mwezi mzima, akidai namharibia kazi.

Wakati huo huo Berlin wakaniuliza swali jingine. Kwenye lebo nilikuwa nimeandika "rafiki wa mazingira". Wakanieleza kwamba kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 sheria ya Ulaya haitaruhusu maneno ya jumla kama hayo bila ushahidi. Nikampigia simu mama anayewaongoza wasukaji, nikamuuliza rangi zinatoka wapi.

"Kahawia ni ya maganda ya mti, mwanangu. Nyekundu na kijani ni za duka."

"Mama, hatuwezi kutumia maganda kwa zote?"

"Mti ukiubambua maganda pande zote unakufa. Unataka tumalize miti ili Mzungu afurahi?"

Sikuwa na la kujibu. Lebo mpya inasema mkonge wa Machakos, rangi ipi ni ya maganda na ipi ni ya duka. Kila chondo nakipa namba, naandika nani amekisuka, na kikishakaguliwa hela inaingia kwenye M-Pesa yake siku hiyo hiyo. Wengi wao wana kabambe tu, zile simu ndogo za vitufe. Picha za kazi zinaletwa na simu ya mjukuu. Kwenye ankara naongeza tamko kwamba bidhaa asili yake ni Kenya, kwa ajili ya ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Oda ya pili ilikuwa vyondo 12 vilevile. Nilimkuta karani yule yule. Akavuta tepu: 60 kwa 40 kwa 20. Kilo 9.6. Akaliinua boksi, akalitikisa, akasoma ankara.

"Zimo zote kumi na mbili?"

"Zimo."

Akapima tena.