Wi-Fi imeshika, kurasa hazifunguki: hesabu antivairasi zako kwanza

Wi-Fi imeshika vizuri, na simu iliyo kwenye mtandao huohuo inafungua kila kitu. Kompyuta peke yake ndiyo imegoma. Pengine inafungua kurasa mbili tatu na kukataa nyingine, au ukiizima na kuiwasha inakaa sawa dakika chache halafu inarudia yaleyale. Hapo wengi hununua bando jingine, au humpelekea fundi akapige Windows upya. Mara nyingi hakuna haja. Kwenye mashine hiyo kuna programu mbili za ulinzi zinazogombania mlango mmoja.

Laptopu za mtumba ndizo zinazosumbua zaidi. Inafika na antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda, muuzaji anaweka ya kwake, kisha mnunuzi anaongeza nyingine kutoka kwenye flashi. Ili kujua zipo ngapi, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows, litafute kwenye menyu ya Start) kisha andika:

Get-CimInstance -Namespace root/SecurityCenter2 -ClassName AntiVirusProduct | Select displayName

Ikitokea Windows Defender (antivairasi inayokuja na Windows yenyewe) pamoja na nyingine moja, usihofu: Defender hujiweka pembeni yenyewe inapoona mwenzake amejiandikisha. Yakitokea majina mawili ya nje, umeshapata pa kuanzia. Hata jina la programu uliyodhani umeifuta linaweza kuonekana hapo, na hilo nalo ni dokezo.

Sababu ya ugomvi ni hii. Tangu Windows Vista, fayawoli (programu inayochuja mawasiliano) na antivairasi hupitia mfumo mmoja wa ndani, Windows Filtering Platform. Kila programu inaweka humo sheria zake za kuruhusu na kuzuia. Kwa kawaida sheria ya kuzuia hushinda ya kuruhusu. Kwa hiyo unaweza kuipa ruhusa Chrome kwenye programu ya kwanza mara kumi na isisaidie kitu, maana ya pili bado inazuia. Na kuizima kwa kubofya alama yake karibu na saa hakutoshi: draiva yake (kipande kinachofanya kazi ndani kabisa ya Windows) inabaki imepakiwa, na sheria zinaweza kubaki pia.

Kabla ya kufuta chochote, jua mawasiliano yanakatikia wapi. Fungua dirisha la amri (cmd) uandike:

ping 8.8.8.8

Majibu manne yakirudi, njia ni nzima. Ukiona "Request timed out", pakiti (kipande cha data) imetoka na jibu halikurudi. Kagua ruta na bando lako. Lakini ukiona "General failure" huku Wi-Fi imeshika, pakiti haijatoka kabisa kwenye mashine. Kuna kitu ndani kimeikamata, na mshukiwa wa kwanza ni fayawoli.

Kama 8.8.8.8 inajibu, jaribu ping google.com. Likishindwa jina peke yake, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Andika ipconfig /all utazame mstari wa DNS Servers. Ukikuta 127.0.0.1 (yaani kompyuta yenyewe) wakati hujaiweka mwenyewe, kuna programu iliyokuwa ikijibu maswali ya majina humohumo ndani, ikaondoka bila kurudisha anwani ya awali.

Majina nayo yakijibu, soma kosa ambalo kivinjari kinaandika. ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED maana yake kuna proksi (mtu wa kati wa kupitishia mawasiliano) iliyoachwa. Bonyeza Windows+R, andika inetcpl.cpl, nenda kwenye mipangilio ya LAN, toa alama ya tiki kwenye proksi.

Makosa ya cheti (kitambulisho cha tovuti), kama NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, yanataka uangalifu zaidi. Antivairasi nyingi hufungua mawasiliano ya HTTPS (yaliyofungwa kwa siri kati ya kivinjari na tovuti) ziyakague, kisha huyafunga tena kwa cheti chao wenyewe. Zikiwa mbili, ya pili inapokea cheti chenye muhuri wa ya kwanza na inaweza kukikataa. Fungua maelezo ya cheti kwenye kivinjari utazame kimetolewa na nani. Jina la antivairasi likiwa hapo, umeshampata anayefungua bahasha. Usizoee kubofya "endelea hata hivyo", hasa kwenye kurasa za benki. Tazama pia tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya CR2032 ikifa kwenye mashine ya zamani, saa hurudi nyuma miaka na vyeti vyote hukataliwa, antivairasi ikiwa haina kosa lolote.

Sasa kufuta. Chagua moja ya kubaki. Kwa matumizi ya nyumbani, Defender inatosha. Kwa kuwa kompyuta haina intaneti, tumia simu kupakua kifaa cha kufutia kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, ukihamishe kwa waya wa USB. Kaspersky wana kavremover, Avast wana avastclear, McAfee wana MCPR. Vifaa hivi huondoa draiva na mabaki ambayo ufutaji wa kawaida huweza kuyaacha.

Anza na ufutaji wa kawaida kupitia appwiz.cpl (nayo iandike kwenye Windows+R), washa upya, kisha endesha kifaa hicho. Baadhi hutaka Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu): shikilia Shift huku ukibofya kuwasha upya, ingia kwenye mipangilio ya kuanza, bonyeza 4. Kabla ya hapo hakikisha unajua nenosiri la akaunti, maana PIN inaweza kukataliwa huko, na kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la diski) uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi. Kukwama hapo ni balaa kubwa kuliko kukosa intaneti.

Ukimaliza, fungua cmd kama msimamizi, uandike moja baada ya nyingine amri hizi za kurudisha mipangilio ya mtandao upya:

netsh winsock reset
netsh int ip reset
ipconfig /flushdns

Kisha washa upya. Amri ya pili hufuta anwani za IP zilizowekwa kwa mkono, kwa hiyo kama ni kompyuta ya ofisi, nakili kwanza yale ya ipconfig /all. Watu hukimbilia amri hizi mwanzoni wakati programu zote mbili bado zipo. Hazisaidii: mashine ikiwaka, programu zinarudisha sheria zao.

Ikigoma bado, andika netsh wfp show state. Itatengeneza faili wfpstate.xml kwenye folda uliyomo. Ifungue kwa Notepad utafute jina la programu uliyofuta. VPN nazo huonekana humu, maana kinga yao ya kukata intaneti VPN inapokatika hutumia Windows Filtering Platform hiyohiyo. VPN ikifutwa vibaya kinga hiyo ikiwa imewashwa, kizuizi kinaweza kubaki. Isakinishe tena, zima kinga hiyo, ndipo uifute.

Mtandao ukirudi, rudi PowerShell:

Get-MpComputerStatus | Select AMRunningMode, RealTimeProtectionEnabled

Ikiwa umebaki na Defender, unatafuta Normal na True. Ukiona False, iwashe kabla hujafungua ukurasa wowote.