Jani la Mkuu wa Chuo

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu msaidizi katika chuo kimoja cha afya, nikifundisha somo la dawa za mimea kwa wanafunzi wa stashahada ya famasia, na katika ratiba niliyorithi kulikuwa na kipindi cha saa 2 kilichoandikwa neno moja tu: bangi. Aliyenitangulia alizoea kukimaliza kwa dakika 20. Aliorodhesha madhara ubaoni, wanafunzi wakanakili, kisha akahamia kwenye mwarobaini. Mimi, kwa ujana na kiburi kidogo, niliona aibu kwamba wafamasia watarajiwa waujue mmea huo kidogo kuliko vijana wa kijiweni.

Tatizo lilikuwa mmea wenyewe. Sheria mpya ya dawa za kulevya ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu ambaye angethubutu kuweka hata jani moja kavu katika kabati la maabara bila kibali. Niliandika barua ya kuomba sampuli, lakini siku ya kipindi ilifika barua ikiwa bado inazunguka na mafaili. Nilimwonea wivu Raphael Mechoulam, mkemia wa Israeli, ambaye polisi walimpa kilo 5 za hashishi akapanda nazo basi huku abiria wakishangaa harufu, na mwaka 1964 yeye na Yechiel Gaoni wakafanikiwa kuitenga THC, kile kiini kinacholevya.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maabara. Chini ya hadubini, jani la bangi hutambulika kwa vinyweleo vilivyopinda kama kucha za paka, ambavyo ndani ya tako lake mna punje ya kalsiamu kaboneti. Ukidondoshea asidi ya hidrokloriki, punje hiyo hutoa mapovu. "Punje za namna hiyo, Mwalimu, mbona zimo hata katika majani ya ule mti wa mpira wa mapambo mlangoni kwa mkuu wa chuo?" aliniuliza. Alisema kweli, ingawa katika mti huo hazimo ndani ya vinyweleo. Akatoka na wembe, akarudi na jani pana lililokuwa likivuja utomvu mweupe, amelificha ndani ya koti lake.

"Hiki ndicho kitu cha Arusha?" mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa jina la mtaani la bangi, na darasa zima likaangua kicheko. Hata hivyo waliinama kwenye hadubini mmoja baada ya mwingine, na kila tone la asidi lilipogusa kipande kile chembamba, mapovu madogo kama ya soda yakapanda, nao wakanyamaza. Nikawaeleza habari ya vipokezi vya ubongo ambavyo THC huvishika, na jinsi mwaka 1992 ilivyogundulika kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayoshika vipokezi hivyo hivyo, ikaitwa anandamaidi kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu.

"Kwa hiyo sote tumezaliwa nayo?" aliuliza binti wa mstari wa mbele. Nilimjibu kwamba ya mwilini huvunjwavunjwa upesi, ilhali THC hukawia. Ndipo mwingine akauliza kama bangi inaua kama heroini.

Jibu nilikuwa nalo. Heroini huua kwa kuzima pumzi, na sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji ina vipokezi vichache mno vya bangi, kwa hiyo bangi haimzimii mtu pumzi namna hiyo. Lakini nilitazama mlango kwanza. Nilipolitoa jibu hilo nililifunika haraka kwa maelezo ya wazimu unaowapata baadhi ya wanaoanza kuvuta wakiwa wadogo, na sauti yangu ikawa ya mtu anayejitetea.

Mwanafunzi mmoja, mtoa dawa wa miaka mingi aliyerudi kusoma, ambaye wenzake walimwita Mzee ingawa hakuwa ametimiza miaka 40, alisimama. "Mdogo wangu alianza akiwa darasa la saba, Mwalimu. Sasa hivi amelazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, kwa mara ya tatu. Naye tumweke upande gani?"

Nilimwambia kwamba kinachojulikana ni kuongezeka kwa hatari, hasa kwa anayeanza mapema, na kwamba kwa mtu mmoja hakuna awezaye kusema kwa hakika kuwa ni bangi peke yake. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuambiwa hayo na madaktari.

Wenzake walipotoka yeye alibaki kwenye hadubini. "Tuidondoshee tena," alisema. Punje zilikuwa zimekwisha kuyeyuka zote, kwa hiyo nikachukua wembe, nikakata kipande kingine katika jani la mkuu wa chuo. Tone alilidondosha mwenyewe, akatazama mpaka povu la mwisho likapotea.