Nikifungua maiki

Wiki iliyopita, usiku mmoja baada ya isha, niliingia skwodi, yaani timu ya wanne, na watu watatu nisiowajua. Gemu yenyewe ni ile ya watu 100 kushushwa na ndege kisiwani bila kitu mkononi; mnaokota bunduki majumbani, duara linazidi kubana, mpaka ibaki timu moja. Tulikuwa tumebaki timu tano. Nikaona wawili wanavuka barabara nyuma yetu, nikafungua maiki nikataja nyuzi za dira walikokuwa: "Nyuma yetu, 240, wawili, mmoja kajificha kwa gari."

Kimya. Kisha mmoja, kwa lafudhi ya hapa hapa Mombasa: "Ala! Kumbe mwanamke? Nenda ukakune nazi." Wa pili akaongeza neno ambalo siliandiki, mamangu huusoma ukurasa huu. Wa tatu akacheka. Hakuna aliyegeuka kutazama. Wale wawili wakatumaliza sote wanne.

Ningekuwa mvulana, 240 ingekuwa 240.

Tukiwa tumeshakufa, yule wa kwanza akanifuata kwa ujumbe: "Wakaa Kisauni wewe. Sauti hii naijua, n'takupata." Sikulala. Asubuhi ndani ya matatu, tangu Kisauni hadi tunavuka daraja la Nyali, nilikuwa namkagua kila kijana mwenye hedifoni.

Mama alisema, "Mwanangu, si uzime tu hiyo maiki?" Alisema kwa huruma, na ndivyo wanavyosema wote. Lakini nilishaizima miaka miwili, tena kwa jina la kiume. Gemu hii huchezwa kwa mdomo. Ukimwona adui wataja nyuzi za dira, na mwenzako anageuka kabla hajapigwa. Mimi nilikuwa naandika kwa vidole, na nikimaliza neno la pili mtu kashaanguka. Kumwambia msichana azime maiki ni kumwambia acheze akiwa amefungwa mkono mmoja, kisha tumuulize kwa nini wanawake hawajui gemu.

Na kutishwa si jambo dogo. Mwaka 2014, nikiwa darasa la nane, Marekani kulizuka ile fujo iliyoitwa GamerGate, ya kuwaandama na kuwatisha mtandaoni wanawake wa ulimwengu wa gemu. Oktoba mwaka huo Anita Sarkeesian, mchambuzi wa namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta hotuba yake katika Chuo Kikuu cha Utah State. Mtu alikuwa ametuma barua pepe ya kutishia mauaji, na sheria ya jimbo lile haikuruhusu wenye vibali wazuiwe kuingia na bunduki ukumbini. Mwezi huo huo Brianna Wu, mtengenezaji wa gemu, aliihama nyumba yake kwa sababu ya vitisho. Niliyasoma haya nikiwa mkubwa, nikayaona ya mbali. Usiku ule hayakuwa mbali tena.

Kenya tuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, na kumwandama mtu mtandaoni ni kosa. Lakini niende kituoni nikamshtaki nani? Jina lake ni herufi nne na namba.

Kwa hiyo nilikwenda kwa kakangu. Ana banda la gemu mtaani kwetu, runinga nne na pedi za kuchezea, mechi moja shilingi 20. Nilimsimulia yote. Nilipofika "ukakune nazi" akainamisha uso. Akaniambia maneno hayo huyasikia bandani kutwa: kijana akifungwa mabao, wenzake humwambia akakune nazi, aende akavae leso. Naye hucheka. Wale wavulana wana miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Wakitoka pale huingia mtandaoni na maneno yale yale, na huko wanakutana na mimi.

Hakunijibu kitu siku ile, na nilimkasirikia. Keshoye nilikuta kipande cha boksi kimebandikwa juu ya swichi: UKITUSI MTU AU MAMAKE WAWEKA PEDI CHINI. HELA HAIRUDI.

Jana jioni nilipita nikitoka kazini. Kijana mmoja alikuwa nje ameegemea mabati, macho mekundu, anadai shilingi 20 zake. "Wallahi nilikuwa nafanya mzaha," aliniambia, kama kwamba mimi ndimi mwenye banda. Ndani kakangu alikuwa ameshampa mwengine pedi.

"Kasema nini?" nikamuuliza.

"Lile lile," akasema, hakucheka.