Kurasa walizoziondoa

Shangazi yangu alikuwa na kisukari. Alijichoma insulini miaka na miaka bila kunung'unika, mpaka mhubiri mmoja alipomwekea mikono kichwani, akamwambia amepona na kwamba kuendelea na sindano ni kumtilia Mungu shaka. Akaacha. Hatukukaa naye muda mrefu baada ya hapo.

Kwa hiyo kamati ya midahalo chuoni ilipobandika mada isemayo "Dini imewadhuru wanadamu kuliko ilivyowafaa", nilikwenda mwenyewe kuomba niwe msemaji mkuu wa upande wa watetezi wa mada. Wenzangu wengine walitaka tu kusimama jukwaani. Mimi nilikuwa na mtu wa kumsemea.

Nilijifungia maktaba. Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, niliviweka kando mapema, maana Ufaransa ya Kikatoliki iliishia kupigana upande wa Waprotestanti, na mpinzani mwerevu angeniambia hiyo ilikuwa siasa tupu. Nilitaka mahali ambapo dini ilisaini kwa mkono wake yenyewe. Nikaipata hati ya Papa Nicholas V ya mwaka 1452, iliyomruhusu mfalme wa Ureno kuwashambulia Waislamu na wapagani na kuwatia katika utumwa wa kudumu. Nikaipata Nyange, nchini Rwanda, ambako mwezi Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia kanisani waliangushiwa jengo kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa mwaka 2008. Hilo nililisoma mara ya kwanza nikafunga kitabu, nikatoka nje kupunga upepo.

Lakini silaha niliyoitegemea kuliko zote ilikuwa kitabu kimoja kilichochapishwa London mwaka 1807, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa. Kiliandaliwa kwa ajili ya watumwa weusi wa visiwa vya Karibi, nacho kilikuwa Biblia, ila Biblia iliyochanwachanwa. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Hii ilibakiza 232. Msomaji anamfuata Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, anafika sura ya 45 ya Mwanzo, kisha anajikuta ghafla kwenye sura ya 19 ya Kutoka, chini ya mlima, amri zikikaribia kutolewa. Katikati hapo Musa hayupo. Farao hayupo. Hakuna bahari iliyogawanyika wala watumwa waliotoka. Zaburi zimeondolewa. Ule mstari wa Wagalatia usemao hapana mtumwa wala huru umeondolewa. Ule wa Waefeso usemao "Enyi watumwa, watiini wao walio bwana zenu" umeachwa mahali pake.

Usiku wa mdahalo ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nilizungumza kwa hasira niliyoipanga vizuri. Nilipofika kwenye kitabu kile nilisoma orodha ya sura zilizokatwa polepole, moja baada ya nyingine, mpaka mtunza muda akagonga meza, na niliposhuka jukwaani makofi yalinifuata hadi kwenye kiti.

Msemaji wa wapinzani alikuwa dada wa mwaka wa mwisho, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba waliokuwa nyuma walianza kunyamazishana. Hakugusa hati ya Papa. Hakuanza kutaja hospitali na shule zilizojengwa na watu wa dini, jambo nililolitarajia na kuliandalia jibu. Alisema, "Ndugu mwenyekiti, naomba kumuuliza kaka yangu swali moja. Kwa nini walizikata?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajijibu. Mtu hakati ukurasa usio na nguvu. Wale waliokiandaa kile kitabu walijua, kuliko mimi na yeye, mtumwa angefanya nini akikutana na Musa. Akamtaja Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani Marekani akarudi tena na tena kuwatoa wenzake, na ambaye watu wake walimwita Musa. Akamtaja Nat Turner, mtumwa aliyekuwa mhubiri, aliyeongoza uasi Virginia mwaka 1831. Baada ya uasi ule jimbo lilitunga sheria ya kuwazuia watu weusi kuhubiri. "Watawala wa Virginia," akasema, "hawakuona dini kama kileo cha kumlaza mtumwa. Waliiona kama baruti." Akarudi nyuma hadi mwaka 1688, kwa Wakweka, dhehebu la Kikristo, wa Germantown, Pennsylvania, walioandika tamko la kupinga utumwa wakitumia kanuni ileile ya kumtendea mwenzako unavyotaka kutendewa, karibu karne nzima kabla jambo hilo halijawa hoja ya wanasiasa.

Niliposimama kumjibu nilikuwa natetemeka, na si kwa woga. Nilimwambia kwamba pale Nyange hakuna aliyekata ukurasa wowote. Padri alikuwa na Biblia nzima, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, na amri ya kutoua ilikuwamo. Halafu nikasema nililokuwa sijapanga kulisema: nikamtaja shangazi. Nikawaeleza sindano zilivyobaki kwenye boksi lake, zikiwa zimepangwa vizuri kama alivyokuwa akipanga kila kitu chake. Mhubiri yule naye, nikasema, alikuwa na Biblia kamili mkononi.

Nilidhani hapo nimemfunga. Dada yule alipopewa dakika zake za mwisho aliniangalia mimi, hakuiangalia hadhira. Akanipa pole kwanza. Kisha akasema Rwanda nayo aliisoma. Askofu Mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Kanisa lilikuwa limekalia kiti kimoja na serikali, na siku ya kusema hapana lilikuta halina pa kusimama. Waislamu wa nchi ileile walikuwa wachache, wasio na kiti popote, na wengi wao waliwaficha majirani zao wa Kitutsi majumbani na misikitini. "Sisemi dini hii ni bora kuliko ile," akasema. "Nasema tazameni ni nani alikuwa karibu na meza ya wakubwa."

Wahesabu kura walipotangaza matokeo, mada ilipita kwa tofauti ndogo. Upande wangu ulishinda, na sikujali sana. Kilichonishughulisha ni kwamba ile meza ya wakubwa ilieleza kila kitu nilichokuwa nimekusanya maktaba, hata hati ya 1452, ambayo ilikuwa barua ya mkubwa mmoja kwa mkubwa mwenzake. Ilieleza pia ukumbi ambamo mtu mmoja anashika kipaza sauti na mamia wanaitikia amina, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza. Naamini hivyo hadi leo: ukinionyesha ni nani mwenye haki ya kuuliza ndani ya dini, nitakuambia itaua au itaokoa.

Nilimkuta nje akisubiri wenzake. Akaniuliza ni nani aliyemuuguza shangazi siku zile za mwisho. Ilibidi nimwambie ukweli. Ni akina mama wa kanisa lilelile. Walipeana zamu usiku, wakamwogesha, wakambadilishia mashuka, wakamlisha kwa kijiko alipokataa chakula kutoka kwetu sisi wa damu yake. Mmoja aligombana na mhubiri kwa ajili ya zile sindano, akaambiwa anyamaze.

"Na yeye mhubiri bado anahubiri?"

"Anahubiri."

"Wagonjwa wengine wa kisukari wamo?"

Wamo, nikamjibu, tena wengi.

"Sasa kaka, ni nani atasikilizwa akimwambia akome? Wewe uliyetoka, au wale akina mama waliobaki?"

Siku ile ile niliomba namba ya yule mama aliyegombana na mhubiri, nikampigia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, sisi hili tumelizungumza wenyewe kwa wenyewe siku nyingi. Tulikuwa hatuna karatasi." Alitaka maneno ya daktari yaliyoandikwa na kupigwa muhuri, maana neno la mwanamke peke yake lingepuuzwa. Daktari aliyekuwa akimtibu shangazi hakusita kuandika. Akina mama wakaenda nayo kwa mhubiri pamoja, wakakataa kuondoka mpaka akubali, na Jumapili iliyofuata akatangaza mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema, kwamba atakayeombewa asiache dawa mpaka daktari wake amwambie.