Ukila Unaendelea

Mtu alonimalizia lile pambano la mji wa theluji kwenye Hard West II hajui hata kuwasha kompyuta. Ni Ami yangu, mdogo wake baba, mkaazi wa Mtambwe huko Pemba, mkulima wa karafuu na fundi wa bao, na mpaka leo hilo gemu analiita "ile ya mashetani".

Ilikua msimu wa karafuu mwaka 2022. Nlipanda boti kutoka Unguja kwenda kuwapa mkono kwa sababu mikarafuu yake ilizaa sana na wachumaji wa kulipwa kwa pishi walikua wanagombaniwa kijiji kizima, leo yuko kwako kesho kachukuliwa na jirani. Kompyuta nliibeba kwenye begi nikijua fika usiku ntakua na kazi nyengine maana karafuu mchana unachuma, usiku unachambua, yani mnakaa ukumbini familia nzima mnazitenganisha karafuu na makonyo yake mpaka vidole vinakua vyeusi na ile harufu hata unawe kwa ndimu haitoki. Lakini tivii ya Ami ilikua mbovu, na watoto walipoiona kompyuta tu basi, ikawekwa juu ya kigoda katikati ya ukumbi, mkono mmoja nachambua mkono mwengine uko kwenye mausi. Ile mausi mpaka leo inanukia karafuu.

Kwa wasoijua, Hard West ni gemu za Poland. Ya kwanza ilitoka 2015, wakaitengeneza CreativeForge Games, hii ya pili wakapewa Ice Code Games ikatoka Agosti 2022. Ni Marekani ile ya makauboi, bastola, farasi, kofia pana, miji ya mbao, ila humo ndani kuna mashetani na wafu wanaotembea. Na si gemu ya kukimbizana na kufyatua ovyo, ni ya zamu. Wewe unawapanga watu wako mmoja mmoja, huyu ajifiche nyuma ya pipa, yule apande juu ya paa, ukimaliza zamu yako ndo adui nae anafanya yake. Unaweza ukaenda kula ukarudi ukawakuta wamesimama vile vile wanakungoja.

Mkubwa wa genge anaitwa Gin Carter. Hadithi inaanza yeye na wenzake wanavamia treni wakidhani ina mali, kumbe treni yenyewe ni ya shetani anaitwa Mammon, na Gin badala ya kukimbia anakaa nae mezani wanacheza karata. Anafungwa, shetani anachukua kivuli chake. Gemu nzima iliobaki ni kukitafuta hicho kivuli.

Nikamfasiria Bibi, ambae alikua kakaa kwenye mkeka miguu kainyoosha, ungo wa karafuu mapajani, anachambua bila hata kuangalia.

"Kacheza karata na shetani?"

"Ndio Bibi."

"Usiku? Ndani ya gari la moshi la shetani mwenyewe?"

"Ndio."

"Kwani huyo hana wazee wa kumwambia?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo wake. Bibi hakucheka, alikua anauliza kweli. Halafu akaja mzee mmoja wa genge anaitwa Old Man Bill, uso kama fuvu, nikamwambia huyu alishakufa ila anatembea na bastola zake, Bibi akasema "eeh" tu akaendelea na makonyo. Pemba mtu akikwambia kuna maiti inatembea suali linalofuata ni inatembea wapi, na saa ngapi. Kilichomkera yeye ni karata, maana kwenye hii gemu kila mtu wako unampa karata za poka na ukizipanga vizuri, labda jozi, labda zilofuatana, nguvu zake zinazidi. Kila nikifungua ule ukurasa wa karata Bibi anatia istighfari kwa sauti ili nisikie.

Ami alirudi baada ya isha kutoka barazani kwenye bao. Akasimama nyuma yangu, akaangalia kwa muda.

"Mbona hawa hawapigani?"

"Wanangoja zamu, Ami."

"Zamu?"

Akavuta kiti.

Nikamueleza. Kila mtu wako ana pointi tatu kwa zamu moja, kutembea kunakula pointi, kufyatua kunakula pointi, zikiisha huyo kamaliza, unahamia kwa mwengine. Ila kuna kitu humo wanakiita Bravado, ukimuua adui basi yule aliemuua pointi zake zote tatu zinarudi, anaweza kutembea tena na kupiga tena, na akiua tena zinarudi tena.

Ami akanitazama usoni sio kwenye kioo. "Yani ukila unaendelea."

Hapo ndo nliponyamaza mie. Nishacheza ile gemu usiku na mchana, nishasoma watu wanavoielezea, hakuna alieielezea kwa maneno matatu. Ndio bao lenyewe! Ukila kete za mwenzio unazitia kichwani, lile shimo la pembeni, unazimwaga, na ile ya mwisho ikiangukia pazuri unakula tena, na tena, mpaka mwenzio anabaki kuangalia mikono yako inavozunguka. Nimemuona Ami kwenye zamu moja anazunguka ubao mpaka watu wanaacha kahawa zao zinapoa. Kwa hio yeye gemu ile hakujifunza, aliitambua.

Tokea hapo mie nikawa mfanyakazi wake. Yeye anasema, mie nabonyeza. Zamu ikipita bila kuua mtu anasema "hapo umetakata", yani umecheza bila kula, kwa dharau ile ile ya barazani.

Sasa lile pambano. Mji mdogo wa mbao, theluji kila mahali (ikabidi tusimame kwanza kuwaeleza watoto theluji), sisi tumeingilia chini, na juu ya paa la baa kuna mmoja ana bunduki ndefu anaona uwanja wote. Wenzake wako nyuma ya mapipa na mikokoteni. Ukitoka kumfuata yule wa juu, wa chini wanakumaliza njiani, ukiwashughulikia wa chini yeye anakudonoa kutoka juu. Nlikua nimeshakwama hapo tokea Unguja.

Ugomvi wa kwanza ulikua wa asilimia. Kabla hujafyatua gemu inakwambia una asilimia ngapi za kupata. Gin alikua na tisini, Ami akasema piga, nikapiga, ikapita pembeni.

"Imekwendaje?"

"Imekosa, Ami."

"Si walisema tisini?"

"Ndio, lakini kumi zimebaki."

"Nani kaamua leo ziwe zile kumi?"

"Kompyuta."

"Na hao maadui anawachezesha nani?"

"Kompyuta."

Akageuka kwa Bibi kama anatafuta shahidi. Kwenye bao hamna kitu kama hicho, kete zote ziko wazi, umefungwa basi umefungwa na akili ya mwenzio, hamna wa kumlaumu. Nikajaribu kumpoza nikamuonesha kwamba mtu wako akikosa risasi kuna kipimo cha bahati kinajaa, halafu bahati ile unaweza kuitumia kwenye risasi inayofuata kuongeza hizo asilimia. Akafikiri akasema kumbe wanakuibia kisha wanakurejeshea chenji. Sijaona uchambuzi wa gemu ulionisuta kama huo, lakini akaukubali ule utaratibu, na baada ya hapo alikua mchoyo wa ile bahati vibaya sana, hataki niiguse.

Kilichotuua usiku ule ni bao. Kwenye bao kula ni lazima, kama ipo kete ya kula huna ruhusa ya kutakata, na Ami hio sheria iko damuni. Adui yoyote akionekana mnyonge, "kula!" Basi Gin kasimama na pointi zake zote tatu hajazitumia vizuri, anaona kijeruhi mbele yake, kula, anamuua, pointi zinarudi lakini karibu zote alikua nazo, faida iko wapi? Huku Laughing Deer, mwengine wa genge letu, ambae silaha yake ni ya mkononi na lazima umsogeze mpaka puani kwa adui, pointi zimemuishia katikati ya uwanja, kasimama peupe, na alokua amfae ni yule yule kijeruhi tulomuua. Kestrel Colt, nae wa kwetu, akauliwa, Bill akafuatia ("si alishakufa huyu?" mtoto mmoja akauliza, na ni suali la maana), tukaanza upya, tukafungwa tena. Umeme ukawa unapepesa pepesa, japo tokea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ufike 2010 Pemba hatuna tena shida ile ya majenereta, Shangazi akasema basi sasa lalani, karafuu za kesho haziji zenyewe. Ami akaondoka bila kusema kitu. Mie nikajua keshachoka na upuuzi wa kitoto.

Alfajiri nikaamshwa na bakora ya mguu. Ami katoka msikitini, kofia bado kichwani, ubao wa bao kauweka chini ukumbini lakini kete hazijapangwa kama bao. Kapanga uwanja wetu! Kete hii ni yule wa juu ya paa kaiwekea kifuniko cha chupa chini yake, zile ni mapipa, hizi zetu. Macho mekundu, sijui alilala saa ngapi.

"Weye, yule kijana wa kubadilishana. Anabadilishana na yoyote?"

Alikua anamkusudia Flynn. Flynn ana uchawi wake, anabadilishana nafasi na mtu mwengine, yeye anatokea pale alipo yule na yule anatokea alipokua yeye.

"Na rafiki na adui, Ami."

"Sasa kwanini tunamfuata yule juu? Tunamleta."

Akanionesha kwa kete. Kwanza Flynn asogee karibu na Laughing Deer. Gin ampige yule wa juu mara moja, asimuue, amjeruhi tu. Hapo akanyanyua kidole, "usimle, umesikia? muache." Kisha Flynn abadilishane nae. Wa juu anaanguka chini ubavuni kwa Laughing Deer ambae alibakishiwa pointi moja ya mwisho, anammaliza, pointi tatu zinarudi, anakwenda kwa wa mapipa. Na Flynn sasa yuko juu ya paa, wale waliojificha anawaona migongo. Mtu alokua hawezi kuacha kula kakesha anajifunza kuacha. Nikamwambia Ami hii inafaa. Akasema najua inafaa, nenda katandaze karafuu kwanza.

Kwahio tukatandaza. Majamvi uwani, karafuu mbichi juu yake, kijani na nyekundu nyekundu, jua likaanza kuzikausha, na karibu saa nne kompyuta ikawekwa kibarazani ili tuzilinde na kuku huku tunacheza. Gin akampiga wa juu, asilimia sabini na kitu, Ami akakubali kutoa bahati kidogo kwa uchungu, ikapata. Flynn akabadilishana. Yule bwana wa bunduki ndefu akajikuta chini kwenye theluji, Laughing Deer akammaliza, pointi zikarudi, watoto wakapiga kelele, wa pili nae akaanguka, Ami kimya anahesabu kwa vidole, na hapo hapo Shangazi akapiga ukelele kutoka jikoni: "Mvua!"

Alieishi Pemba msimu wa karafuu anajua hilo neno linavoinua watu. Karafuu ikirowa inaharibika na bei inaharibika nayo. Ami aliruka kibaraza mtu wa miaka yake, kila mmoja kashika pembe ya jamvi, tunakunja tunaburura ndani, jirani kaja kusaidia kisha tukaenda kusaidia kwake, Bibi mlangoni anapokea huku anatuhesabia majamvi yasije yakasahauliwa. Matone makubwa yakaanza jamvi la mwisho linaingia ndani.

Tukasimama ukumbini tumerowa, tunahema. Ami akakumbuka.

"Wale wameshatupiga?"

"Hawawezi. Bado zamu yetu."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye karafuu. Sijui kwanini hilo ndo lilomfurahisha kuliko yote, kwamba mvua imekuja, kijiji kizima kimekimbia, na wale majambazi wa Marekani wamesimama tu na bunduki zao wanangoja mtu wa Mtambwe amalize shughuli zake.

Alibaki mmoja nyuma ya mkokoteni. Gin alikua na pointi za kutosha na kulikua na kengele ya chuma ukutani, na kwenye hii gemu risasi unaweza kuigongesha kwenye chuma ikageuza njia. Ami akasema mausi lete. Nikampa, akaishika kama kashika kinda la kuku, kidole cheusi kwa karafuu, nikamuelekeza pa kubonyeza. Risasi ikapiga kengele, ikamrudia yule jamaa ubavuni.

Akaangalia kioo, theluji imetulia, maandishi ya ushindi yanapita. Akaniuliza wengine wako wapi. Nikamwambia hawa wameisha Ami, sasa ni mji mwengine.

"Basi usiufungue peke yako," akasema anavua kanzu ilorowa. "Ntasali adhuhuri nije."