Kompyuta ya Nyumbani: Kuiunganisha Wenyewe au Kununua Iliyotoka Ofisini

Mjadala wa nyumbani kwetu hapa Kampala umekuwa mmoja kwa muda sasa: tununue kompyuta ya mezani iliyo tayari, au tununue vipuri kimoja kimoja tuiunganishe wenyewe? Mwanangu aliyeko sekondari anataka tuiunganishe, na hoja zake si za kitoto. Mimi nimeshikilia kununua, tena si mpya, bali mashine ya mtumba iliyotoka katika ofisi za ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre.

Sababu yangu kubwa ni fedha. Kampuni hununua mashine hizi kwa wingi na kuziondoa zote kwa pamoja baada ya miaka michache, nyingi zikiwa bado nzima, ndiyo maana mara nyingi bei yake huwa chini ya gharama ya kununua vipuri vyake kimoja kimoja. Anayeunganisha hulipia kila kitu kwa rejareja, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta), ubao mama unaounganisha vipuri vyote, RAM (kumbukumbu ya muda), diski, pawa saplai inayogawa umeme ndani ya mashine, na kasha, na pengine leseni ya Windows juu yake. Kwa kazi ya kuandika, kusoma mtandaoni na kutazama masomo ya video, sioni gharama hiyo itarudi vipi. Angekuwa anahariri filamu, ningemsikiliza zaidi.

Hata hivyo, mtumba unataka macho. Wauzaji hupenda kutamka "Core i5", jina la prosesa za kampuni ya Intel, kana kwamba wamemaliza maelezo, ilhali jina hilo limekuwepo tangu 2009. Kinachosema kweli ni namba inayofuata: i5-4590 ni ya kizazi cha 4, na i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10, yaani masasisho ya usalama, ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, hudai Intel ya kizazi cha 8 au baada yake. Ya zamani zaidi bado itafanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo endeshi wa bure, ila bei yake nayo iwe ya zamani. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, ubonyeze F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP mpaka ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ufunguke. Ukidaiwa nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie mashine yake. Diski nayo iwe SSD, yaani isiyo na sehemu inayozunguka, kwani ile ya kuzunguka huifanya hata prosesa nzuri ionekane goigoi.

Pale mwanangu anaponishinda ni kwenye pawa saplai. Ubao mama wa kawaida hupokea umeme kwa plagi ya pini 24, na pawa saplai yake hupatikana kwa urahisi, lakini nyingi ya mashine hizi za ofisini zina plagi za kampuni zenyewe, kwa hiyo ikiungua itabidi umtafute fundi mwenye mashine ya aina hiyohiyo aliyoifungua kwa ajili ya vipuri. Kwa umeme wetu huu unaokatika na kurudi kwa kishindo, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa ajili hiyo, fedha tutakayookoa itanunua UPS (betri inayoshikilia mashine umeme unapokatika) kabla ya kitu kingine chochote. Nimependelea pia mashine ya kasha dogo kabisa, kwa kuwa hunywa umeme kidogo: tuseme inatumia wati 30 kwa saa 5 kila siku, itamaliza takriban yuniti 4.5 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi, bila kuhesabu skrini. Mwanangu amekubali kwa sharti moja, kwamba RAM ya kuongeza aichague na kuipachika yeye mwenyewe.